Diski ya nje na habu ya USB: uichomeke wapi, na habu ipi inafaa?

Taa ya diski inawaka, sahani zake za ndani zinazotunza data zinaanza kuzunguka, unasikia mvumo mdogo kwa sekunde moja au mbili, kisha "tik" na kimya. Taa inazimika, inawaka tena, "tik". Kompyuta inalia kwamba kifaa kimeingia, inalia tena kwamba kimetoka, na diski haionekani popote. Mara ya kwanza kunitokea hayo, diski ilikuwa na picha za familia za miaka sita, nami niliishika kiganjani nikiihisi inavyojaribu kuzunguka na kukwama. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia gharama za kuokoa data nilipoichomoa kwenye habu na kuichomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Ikazunguka, ikatulia, folda zote zikafunguka.

Diski nyingi za nje husingiziwa kifo namna hiyo. Kinachozisumbua ni njaa ya umeme, na njaa hiyo hutegemea umezichomeka wapi: moja kwa moja kwenye kompyuta, kwenye habu isiyo na adapta, au kwenye habu yenye adapta yake ya ukutani. Habu hapa ni kile kigawanyaji kinachogeuza tundu moja la USB kuwa manne au saba. Nimezitumia njia zote tatu kwa muda mrefu, na kwa mtu anayehifadhi vitu asivyotaka kuvipoteza, hazilingani hata kidogo.

Diski inakula kiasi gani

Ile diski ndogo ya mkononi, ya inchi 2.5, haina adapta. Hupata umeme wake wote, wa volti 5, kupitia kebo ileile inayopitisha data. Ikishashika mwendo hutumia umeme wa wastani, lakini kuzianzisha sahani zilizosimama ndiko kunakodai nguvu: kwa sekunde chache diski nyingi za aina hii huvuta karibu ampea 1. Ni kama mkokoteni wenye mzigo, kuung'oa ndiko kugumu, ukishapata njia unakwenda.

Sasa linganisha hilo na kile ambacho tundu limeahidi kutoa. Kiwango cha USB 2.0, cha mwaka 2000, kinaahidi miliampea 500. USB 3.0, cha mwaka 2008, kikapandisha hadi 900. Tundu la USB-C laweza kutoa ampea 1.5 au hata 3, ingawa si kila tundu la umbo hilo hufanya hivyo. Kwa hiyo hata kabla habu haijaingia katikati, diski ya inchi 2.5 kwenye tundu la zamani iko ukingoni. Inafanya kazi kwa sababu matundu mengi ya kompyuta huvumilia kuzidishwa kidogo kwa muda mfupi.

Diski kubwa ya inchi 3.5 ina mambo yake. Mota yake inataka volti 12, na tundu la kawaida la USB halitoi volti hizo, ndiyo maana huja na adapta. SSD, yaani diski inayotunza data kwenye chipu badala ya sahani, haina mota, hivyo haina ule mvuto mkubwa wa mwanzo, ila zile za kasi sana hula umeme mwingi zinapoandika mfululizo.

Moja kwa moja kwenye kompyuta

Hii ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza, na pia ndiyo hakimu wa njia nyingine zote. Kati ya diski na kompyuta kuna kebo moja tu. Umeme wote wa tundu ni wa diski peke yake. Kitu kikiharibika, watuhumiwa ni watatu: tundu, kebo, diski.

Hata hivyo, matundu ya kompyuta moja hayafanani. Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele huunganishwa na ubao mkuu kwa waya mrefu uliopita ndani ya kasha, wakati yale ya nyuma yamekaa kwenye ubao wenyewe. Nimeona diski ikikataa mbele na kukubali nyuma zaidi ya mara moja. Kwenye laptopu, tafuta tundu lenye alama ya SS, au lenye ulimi wa buluu ndani. Rangi hiyo si sheria, na watengenezaji wengine hawaifuati, lakini ikiwepo ni dalili nzuri ya USB 3.0.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Plagi pana ya USB 3.0 ina safu mbili za pini, na ukiisukuma polepole mno, pini za USB 2.0 hugusana kwanza. Kompyuta inaweza kuitambua diski kwa kasi ya zamani na kubaki hapo. Diski ikienda kinyonga bila sababu, ichomoe na kuirudisha kwa mkono wenye uhakika.

Udhaifu wa njia hii unajulikana: laptopu nyingi za sasa zina matundu mawili au matatu, na moja limeshachukuliwa na chaja.

Habu isiyo na adapta

Hii ni ndogo, nyepesi, inaingia mfukoni, na kwa diski ya inchi 2.5 ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Hesabu yake haifichiki. Kwa mujibu wa kiwango cha USB 2.0, habu inayokula umeme wa kompyuta hupewa miliampea 500, hujibakizia sehemu, na kila tundu lake linaahidiwa miliampea 100 tu. Kwa USB 3.0 habu hupewa 900 na kila tundu linaahidiwa 150. Diski yetu inataka karibu 1,000 ili ianze. Kwenye karatasi, haipaswi kuamka kabisa.

Lakini mara nyingi inaamka, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Habu nyingi za bei ya chini hazigawi umeme kwa vipimo. Zimeunganisha tu nyaya zote pamoja, kila kifaa kivute kadiri kinavyoweza. Diski ikiwa peke yake hupata chote na kazi inakwenda. Habu yangu ilinitumikia wiki kadhaa bila kasoro. Siku nilipochomeka simu ichaji kwenye tundu la jirani, huku diski ikinakili folda kubwa, volti ilishuka, taa ya diski ikapepesa, na unakili ukasimama kwenye faili iliyoandikwa nusu. Faili hiyo haikufunguka tena.

Kukatika katikati ya kuandika ndiko kunakonifanya niwe mkali kwenye jambo hili. Diski isiyowaka haijaharibu kitu. Inayowaka, ikaandika, kisha ikakatwa, inaweza kuacha jedwali la mafaili likiwa limevurugika. Mfumo wa mafaili wa NTFS, unaotumiwa na Windows, hutunza kumbukumbu ya mabadiliko ili ujirekebishe baada ya mkasa, ingawa kumbukumbu hiyo hulinda mpangilio wa diski kuliko yaliyomo ndani ya faili iliyokuwa ikiandikwa. exFAT, mfumo mwingine ambao diski nyingi za nje huja nao ili zisomeke Windows na macOS, hauna kinga hiyo.

Kwa kipanya, kibodi, flashi, kisomaji cha kadi au printa yenye umeme wake, habu hii inatosha na sina neno nayo. Kwa diski ya sahani isiyo na adapta, siipendekezi, hata kama leo inafanya kazi.

Habu yenye adapta yake

Hapa umeme wa vifaa hautoki kwenye kompyuta. Kompyuta inabeba data, ukuta unabeba mzigo. Kwa mwenye diski mbili au tatu na laptopu yenye matundu machache, hili ndilo chaguo la busara, mradi ununue kwa macho mawili.

Soma maandishi ya kwenye adapta, usiishie kwenye sanduku. Habu ya matundu saba iliyokuja na adapta ya volti 5 ampea 2 ina wati 10 za kugawana kwa wote. Diski mbili za inchi 2.5 zikianza kuzunguka kwa wakati mmoja zimeshamaliza karibu zote, na matundu matano yaliyobaki ni mapambo. Adapta ya volti 5 ampea 4 inakupa wati 20, na hapo unapumua. Habu nyingine huja na adapta ya volti 12 ambayo hupunguzwa ndani. Usiangalie ampea pekee, zidisha volti kwa ampea upate wati. Na tafadhali, iandike adapta jina la habu yake kwa kalamu. Plagi za volti 5 na volti 12 hufanana kiasi cha kuingiliana, na kosa la mara moja linaweza kuchoma habu pamoja na kila kilichochomekwa.

Kuna kasoro moja ya kuipima siku ileile unapoinunua. Baadhi ya habu hurudisha umeme kwenye kompyuta kupitia kebo inayoziunganisha. Izime kompyuta ya mezani, ichomoe ukutani, iache habu ikiwa na umeme. Kama taa fulani ndani ya kompyuta bado inawaka, irudishe habu hiyo ulikoitoa.

Tena kuna hatari ambayo sijasikia ikizungumzwa vya kutosha. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea. Habu imezimika pamoja na adapta yake. Baadhi ya habu hugeuka hapohapo na kuanza kunyonya umeme wa laptopu, lakini diski imeshapata mshtuko, na pengine unaobaki hauitoshi. Yaani habu iliyonunuliwa ili diski isikatike ndiyo inayoikata. Diski iliyochomekwa kwenye laptopu yenyewe isingehisi kitu. Kama umeme wako si wa kutegemea, peleka adapta ya habu kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, au kwa kazi nzito ya kunakili, rudi kwenye tundu la laptopu hata kama itakubidi kuchomoa kipanya kwa nusu saa.

Habu zenye swichi kwa kila tundu ninazipenda kwa sababu unaweza kuziwasha diski moja baada ya nyingine, mivuto yao ya mwanzo isigongane. Ila ziweke mbali na mkono. Swichi iliyo wima kando ya kikombe ni rahisi mno kuguswa.

Kasi: wapi inapungua, wapi haipungui

Watu huogopa kwamba habu itaipunguza kasi diski. Kwa diski ya sahani kwenye habu ya USB 3.0, woga huo hauna msingi. Diski ya inchi 2.5 husoma na kuandika megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde ikiwa na mafaili makubwa, na njia ya gigabiti 5 kwa sekunde hupitisha zaidi ya mara mbili ya hapo bila taabu. Kipanya na kibodi nazo haziibi kitu, kwa kuwa ndani ya habu ya USB 3.0 kuna habu mbili zinazokwenda sambamba, moja ya kasi mpya na moja ya USB 2.0, kila moja kwa nyaya zake.

Tofauti inauma ukiwa na habu ya USB 2.0. Kwa vitendo hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Folda ya gigabaiti 100, ambayo ingechukua kama dakika 14 kwa megabaiti 120, itachukua karibu dakika 48 kwa megabaiti 35. SSD hupoteza zaidi, na mbili zikifanya kazi pamoja kwenye habu moja hugawana njia ileile ya kwenda kwenye kompyuta. SSD ya kasi ipe tundu lake.

Ukiona kipanya kisichotumia waya kinaanza kurukaruka kila diski inapofanya kazi, usikitupe. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya kipanya. Intel ilichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Kihamishe kipokezi chake mbali na kebo ya diski.

Kebo ya vichwa viwili, na diski yenye adapta

Kebo yenye vichwa viwili upande wa kompyuta huazima umeme kwenye matundu mawili. Viwango vya USB haviitambui, lakini imeokoa diski nyingi kwenye kompyuta za zamani. Vichwa vyote viwili viende kwenye kompyuta. Kuvichomeka pamoja kwenye habu isiyo na adapta ni kuchota mara mbili kwenye ndoo ileile.

Diski ya inchi 3.5 yenye adapta yake haijali habu ina umeme au haina, maana inachohitaji ni data tu. Kama diski yako haitoki mezani, hii ndiyo ningeichagua kabla ya kuhangaika na habu. Na ikikatika kupitia habu, usianze na umeme wa habu. Anza na kebo na adapta ya diski yenyewe.

Kumjua mwenye kosa kabla ya kununua chochote

Anza kwa kuichomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kebo ileile, habu ikiwa imetolewa kabisa. Ikifanya kazi hapo na kukataa kwenye habu, umeshapata jibu. Ikikataa hapo pia, badilisha kebo, halafu tundu, halafu kompyuta, kitu kimoja kwa wakati. Kebo ni mtuhumiwa mkubwa kuliko inavyodhaniwa, hasa ile yenye plagi pana na bapa upande wa diski: hulegea, na kuisogeza kidole tu kunaikata diski. Fupi ni bora kuliko ndefu, kwa sababu kila sentimita inakula volti.

Wakati wa kukatika nao unasema mengi. Diski inayoshindwa kuamka ina njaa. Inayoamka vizuri kisha ikaanguka katikati ya kunakili ina njaa au kebo mbovu. Inayopotea baada ya kukaa kimya dakika kadhaa, ukirudi huioni, mara nyingi imelazwa na kompyuta ili kuokoa umeme. Kwenye Windows nenda kwenye mipangilio ya kina ya umeme, uzime kipengele kinacholaza matundu ya USB. Kubadilisha habu hakutakusaidia hapo.

Kwenye Linux, amri ya dmesg inakueleza kila kifaa kilivyoingia na kutoka, na lsusb -t inaonyesha kasi: 480M maana yake diski imeangukia USB 2.0, 5000M iko sawa. Kwenye Windows, kabla ya kulia kwamba diski haipo, fungua zana ya kusimamia diski. Ikionekana pale bila herufi ya kuitambulisha, kama D au E, diski iko hai na inangoja kupewa herufi.

Hesabu pia habu ngapi ziko njiani. USB inaruhusu zisizozidi tano kati ya kompyuta na kifaa, na zinajificha: habu ya matundu saba mara nyingi ni mbili za matundu manne zilizounganishwa ndani, na skrini yenye matundu ya USB ni habu nyingine. Kwa diski ningependa iwepo moja tu.

Halafu kuna diski inayokufa kweli. Ikitoa "tik" hata ikiwa kwenye tundu zuri la kompyuta kwa kebo mpya, au ikikwaruza, hiyo si njaa. Ikiwa bado inasomeka, angalia taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujitunzia, kwa programu kama CrystalDiskInfo. Namba za 05 na C5 zikipanda, sekta, yaani vipande vidogo vinavyotunza data, zinaharibika. Nakili kwanza kilicho cha thamani kuliko vyote, kwa tundu la kompyuta, bila habu. Usiiendeshee chkdsk, zana ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kabla ya kunakili, maana itaisumbua diski kila kona na kuanza kubadilisha vitu wakati unahitaji isome tu.

Ningenunua nini

Mwenye diski moja ya inchi 2.5 na laptopu yenye matundu mawili hahitaji habu kwa ajili ya diski. Anunue habu ndogo isiyo na adapta kwa kipanya, kibodi na flashi, tundu la pili aliachie diski. Ni suluhisho la bei ya chini kuliko yote, na ndilo ninalolitumia mwenyewe hadi leo.

Mwenye diski mbili au zaidi zinazofanya kazi pamoja anunue habu ya USB 3.0 yenye adapta ya wati 20 au zaidi, ya matundu manne tu kama yanamtosha. Asiyetaka kufikiria umeme kabisa, na anayetembea na diski yake, ahamie SSD ya kawaida, isiyo ya kasi ya kupindukia. Haina mota ya kuanzishwa wala sahani za kuumia ikidondoka.

Habu uliyonayo usiitupe. Toa kila kitu, acha diski peke yake, nakili folda ya gigabaiti 20 ambayo nakala yake unayo kwingine, na usikilize. Mvumo ukibaki mmoja mwanzo hadi mwisho, chomeka kifaa cha pili, urudie. Pale utakaposikia mwendo wa sahani ukishuka na kupanda, umeshajua mwisho wa uwezo wake.